Mwanza, Sato na Kodi Tatu za Gitaa

Ukishuka stendi ya Nyegezi jioni, kitu cha kwanza kukupokea ni upepo wa ziwa. Cha pili ni miamba, maana Mwanza nyumba zimepanda juu ya mawe utadhani mbuzi. Mimi nilishuka na begi moja, gitaa mgongoni na kichwa kilichojaa kodi. Siyo kodi za TRA, msomaji, tulia! Kodi za gitaa: meja, maina, seveni na nyingine zenye majina marefu nilizokariri kitabuni kule Dar.

Mshikaji wangu alikuwa ameniombea nafasi kwenye bendi moja ya Kirumba. Mpiga rizimu wao alikuwa amehama. Na mimi kodi ya chumba (hiyo sasa ndiyo kodi yenyewe) nilikuwa nadaiwa miezi miwili. Kwa hiyo si mchezo.

Tukapita Mwaloni kula sato wa kuchoma na ugali, halafu tukaelekea ukumbini. Wimbo wa kwanza ukawa rumba ya taratibu, ufunguo wa C. Basi nikaanza kumwaga ujuzi! Kila C naifanya C7, kila F naifanya F7, nimebana nyuzi zote sita. Ubeti wa pili mwimbaji akanigeukia, jicho hilo! Tulipofika kwenye sebene kiongozi wa bendi, mzee mmoja mpole, akaja akaninyang'anya gitaa taratibu kama anayemnyang'anya mtoto wembe.

"Mwanangu, hiyo seveni unampelekea nani?"

Sikuwa na jibu. Nikasema shikamoo tu, ingawa tulishaamkiana.

Baada ya shoo akaniweka kitako. C ni sauti tatu: C, E na G. Ukiiongezea B iliyoshushwa nusu sauti unapata C7, na hapo sikio linaanza kusubiri F. Sebene lenyewe linazunguka C, F, C, G, linarudi tena na tena. Ukiweka seveni kila mahali, watu wanasubiri kitu kisichofika. Tena waimbaji wanaimba B ya kawaida, wewe unapiga iliyoshushwa. Ugomvi mtupu.

Seveni akaniachia moja: G7, pale mwisho wa mzunguko, kwa sababu inavuta kurudi C. Am na Dm zingoje beti za huzuni. Halafu nipige nyuzi tatu nyembamba tu, juu kidogo kwenye shingo ya gitaa, zile nene nimwachie mwenye besi.

"Kamsikilize Dechaud," akasema. Huyo ni kaka yake Dk. Nico wa Kongo, ndiye aliyekuwa akipiga rizimu African Jazz. Sifa zilikwenda kwa Nico, lakini jaribu kumtoa Dechaud uone kitakachobaki.

Na hukuhitaji kwenda Kongo. Fuata ufukwe wa ziwa, pita Magu na Bunda, endelea mpaka karibu na mpaka wa Kenya, utafika Shirati. Hapo ndipo alipozaliwa D. O. Misiani mwaka 1940, yule wa Shirati Jazz, aliyevuka Kenya akawa mfalme wa benga mpaka ajali ya barabarani ilipomchukua Kisumu mwaka 2006. Benga inaweza kukesha na kodi tatu za meja na hakuna anayekwenda kukaa. Kidole ndicho kinachofanya kazi, siyo jina la kodi.

Asubuhi nikakaa karibu na kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck mbele yangu, nikapiga C, F, C, G mpaka muuza karanga akaanza kutikisa kichwa. Huyo nikamhesabu kama mtihani.

Usiku nikarudi Kirumba. Nyimbo nne, seveni moja moja. Mwimbaji hakugeuka hata mara moja. Mzee akaniambia nije Ijumaa, kwa majaribio. Mshahara hakuutaja, ila sato wa usiku ni juu ya bendi.