Umesikia, Je, Umeelewa?

Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo toka asubuhi hata jioni husikii ila misumeno na randa, na vitanda na makabati yamepangwa nje hata mpita njia hana pa kupita. Sikusoma sana. Lakini katika uzee huu nimejifunza Kihispania kidogo, na sababu yake ni binti yangu, ambaye ni mtawa, na wakubwa wa shirika lake walimtuma kusoma Hispania.

Lugha hiyo niliisikia mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2015, katika televisheni ya jirani, siku Baba Mtakatifu Fransisko alipozungumza na vijana katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Alisema kwa Kihispania, lugha ya kwao Argentina, na mkalimani akafuata kwa Kiingereza. Mimi sikuelewa hiki wala kile. Lakini vijana walipoinuka wakashikana mikono, hapo nikaelewa.

Binti yangu alipofika huko alianza kwa furaha. Aliniambia kwamba meza wanaiita mesa, na sukari ni azúcar. Kumbe neno meza tulilipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498, na lugha yao ni ndugu na Kihispania. Sukari ni ya Waarabu, ambao walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492, nao wakaacha maneno mengi kule kama walivyoacha huku. Basi nikadhani mwanangu atakuwa kama yuko nyumbani.

Haikuwa hivyo. Alianza kuishi kwa neno moja tu, sí, yaani ndiyo. Aliambiwa fagia, sí. Aliambiwa ngoja, sí. Nyumba anamokaa ina masista wazee, naye husaidia kuwahudumia. Jioni moja alielezwa kwamba dawa ya sista fulani mgonjwa asipewe kabla ya kula. Akajibu, “Sí, sí, claro.” Kisha akaenda akamtia yule mgonjwa vidonge mkononi, na sahani ya chakula bado haijaletwa. Bahati njema mgonjwa mwenyewe aliijua dawa yake, akavirudisha. Hakuna lililoharibika, ila usiku ule mwanangu alinipigia simu akilia. “Baba, sasa wananiona mwongo.”

Nilinyamaza, maana ndiyo ile ni yangu mimi. Ndimi niliyemlea nayo.

Mwaka 1989 nilitoka kijijini, upande wa Songea, nikapokelewa na fundi mmoja mzee hapa Keko. Katika malezi yetu, kijana akiambiwa jambo na mkubwa hujibu “ndiyo”, na kuuliza mara ya pili ni kama kumwambia mzee hajui kusema. Siku moja akanipa vipimo vya milango minne, akasema, “Kijana, unene wa fremu nimekwisha kuutoa. Umesikia?” “Ndiyo, mzee, nimesikia.” Nikaenda nikautoa tena. Milango minne ya mninga, mbao za fedha nyingi, yote ikapwaya. Mzee hakunipiga. Aliuliza tu, “Ulisikia?” Nikasema nilisikia. “Ulielewa?” Hapo sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo hakunikabidhi mbao kabla sijamrudishia maneno yake kwa kinywa changu. Tazameni jinsi neno hili kusikia linavyobeba mizigo: ni kazi ya sikio, na mtoto asiyetii nasi husema hasikii. Kwa hiyo “nimesikia” yaweza kuwa ni adabu tu, na akilini hakuna kitu.

Basi usiku ule tukaanza kuyachambua maneno ya Kihispania moja moja, yeye kule, mimi huku. Entiendo ni “naelewa”. Comprendo ni karibu hilo hilo, ila asili yake ni kushika, kama tunavyosema mafundisho nimeyashika. Ya veo (v yao husikika kama b) ni “sasa naona”, nalo hufaa pale ambapo jambo lilikuwa gizani, nasi tungesema “kumbe!” Vale ni “haya”, na watu wa Hispania hulitia kila mahali, laonyesha kwamba umekubali, siyo kwamba umeelewa. Claro, lile alilojibu jioni ile, maana yake ni “wazi”, nao hulitumia kwa “bila shaka”. Ukimjibu hivyo mtu anayekufundisha, atadhani ulilijua jambo hilo tangu jana, naye hatakufafanulia zaidi. No entiendo, yaani sielewi, ni rahisi kutamka. Kulitoa kinywani mbele ya mkubwa kulimchukua mwanangu wiki nzima.

Nikampa na ile dawa ya mzee wangu: rudisha maneno. Siku hizi akiambiwa habari ya vidonge huuliza, “¿Después de la cena?” yaani, baada ya chakula cha jioni? Nao humjibu ndiyo au siyo, na kazi inakwenda.

Mwezi wa Agosti mama yangu mzazi alifariki huko kijijini. Mjukuu wake hakuweza kuja kuzika. Yule sista mgonjwa wa vidonge alimwita kitandani, akamshika mkono, akasema, “Te entiendo, hija.” Hija ni binti. Na wao hutofautisha: lo entiendo ni kulielewa jambo, te entiendo ni kukuelewa wewe mwenyewe. Mwanangu asema hakujibu sí wala vale. Alikaa tu pale, mkono mkononi, mpaka kengele ya sala ikalia.

Juzi alinipigia nikiwa kazini, na jirani amewasha randa ya umeme. Akasema maneno marefu. Nikajibu, “Ndiyo, mwanangu, nimesikia.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya, Baba, rudia nilivyosema.”

Ilinibidi nitoke mpaka barabarani, nimwombe aanze tena.