Kuhamisha Mchezo wa Maneno: Kutoka Kompyuta hadi Ubaoni

Zana bora ya kufundishia ni ile inayoweza kuhama. Zana inayofaa katika shule moja tu, au inayokufa pamoja na mashine yake, humsaidia mwalimu kwa muda mfupi. Jambo hili walilitambua mapema watungaji wa michezo ya maneno ya kompyuta, nasi twaona kazi yao ina funzo kwa mwalimu wa shule ya msingi, hata ile isiyo na kompyuta.

Mchezo wa maneno hauhitaji picha. Mashine huandika mahali alipo mchezaji na vitu vilivyopo. Mchezaji huandika amri fupi, kwa mfano "chukua taa". Mashine humjibu kilichotokea. Mchezo mashuhuri wa awali ni Adventure, uliotungwa na Will Crowther huko Marekani kati ya 1975 na 1976, akitumia ujuzi wake wa mapango ya Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods aliupanua, na Jim Gillogly akauandika upya kwa lugha ya C ili ufanye kazi katika mfumo wa Unix. Mwaka 2017, kwa idhini ya Crowther na Woods, Eric S. Raymond alitoa toleo lililo wazi, ambalo yeyote aweza kulisoma, kulirekebisha na kulihamisha.

Kuhamisha huko hakukuwa kunakili tu. Mchezo wa kwanza uliandikiwa mashine ya PDP-10, ambayo kila chumba cha kumbukumbu yake kilikuwa na biti 36. Kwa kuwa herufi moja ilichukua biti 7, chumba kimoja kilitosha herufi 5. Hivyo mchezo ulitazama herufi 5 za mwanzo za kila neno na kuziacha zilizobaki. Katika mashine zenye vyumba vya ukubwa mwingine, sehemu hiyo ilibidi itungwe upya. Kampuni ya Infocom, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilipata njia nyepesi zaidi: hadithi iliandikwa mara moja kwa ajili ya mashine ya kubuni, kisha kila aina ya kompyuta ikaandikiwa programu ya kuisoma. Ilipotokea kompyuta mpya, hadithi haikuguswa.

Nchini mwetu nako programu zilizo wazi zimekwisha kuhamishiwa katika Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi. Je, mchezo wa maneno ukihamishwa hivyo, nini kitavunjika? Kwanza, kanuni ya herufi 5. "Fungua" na "funguo" zote zitabaki "fungu", na mashine haitajua kama mchezaji ametaja tendo au kitu. "Ninachukua" na "ninacheka" zote zitakuwa "ninac", kwa sababu mwanzo wa kitenzi chetu hubeba nafsi na wakati, na mzizi hufuata nyuma. Pili, upatanisho. Kwa Kiingereza, jibu moja lenye nafasi ya kujazwa hutosha karibu kila kitu. Kwa Kiswahili taa imechukuliwa, kibuyu kimechukuliwa, funguo zimechukuliwa, na ndama amechukuliwa. Basi kando ya jina la kila kitu sharti iandikwe ngeli yake.

Hapo ndipo tulipoliona somo. Huku Nambis, wilayani Mbulu, watoto wengi huingia shuleni wakizungumza Kiiraqw, lugha ya Kikushi isiyo na ngeli za Kibantu. Mtoto msemaji nyumbani hunyamaza darasani, akichelea kuchekwa kwa kusema "kibuyu imejaa". Zoezi la kujaza nafasi halimtoi katika kimya hicho, kwani halimpi sababu ya kusema. Mchezo humpa sababu: asipotoa amri, hasongi mbele.

Tulipowasimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tuliuhamishia mchezo ubaoni katika Darasa la Tatu. Pango la Kentucky tuliliacha. Mahali pake tuliweka nyumba ya kale ya Wairaqw iliyochimbwa katika mteremko, ambayo watoto wamesimuliwa na wazee. Kadi 6 za boksi zilikuwa vyumba vyake. Nyuma ya kila kadi tuliandika vitu vilivyomo na ngeli zao. Kundi la kwanza lilitoa amri, la pili lilikuwa mashine, la tatu liliandika ubaoni kila kitu kilipo. Mashine ilipojibu "kibuyu imechukuliwa", watoa amri walisema "Hatuelewi", nayo mashine ikatazama kadi na kujibu upya. Hakuna aliyechekwa, maana iliyokosea ni mashine. Msichana mmoja ambaye kwa wiki mbili hakuwa amenyosha mkono aliomba kuwa mashine. Alijibu amri 11 mfululizo, alisita mara moja tu, akatazama kadi, akasema, "Maji yamemwagika."

Mwanachuo atakayejaribu azingatie mambo matatu. Kwanza, atenge hadithi na kanuni: hadithi ikae katika kadi, kanuni za amri ziandikwe pembeni mwa ubao. Hivyo mwenzake aliye kando ya Ziwa Basotu, wilayani Hanang, ataweka mitumbwi na samaki katika kadi zake bila kugusa kanuni. Pili, amri ziwe za maneno mawili hadi watoto wazizoee. Tatu, siku ya kwanza zitoshe ngeli mbili, nyingine ziongezwe kadiri darasa linavyomudu.

Zipo shule zilizopewa kompyuta, mashine zikaharibika, na masomo yaliyokuwa ndani yake yakapotea nazo. Mwalimu mwenye kadi zake ataweza kuzihamishia katika kompyuta siku itakapofika, na umeme ukikatika, ataendelea na somo ubaoni.