Sio kila choo cheusi ni vidonge vya damu (Sehemu ya 6)

Leo niliahidi homa za watoto, ila kuna jambo naomba nilitoe kwanza. Ni kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa likizo nyumbani Kasansa. Usiku jirani yangu, mama anayenyonyesha, akaja mlangoni. Wiki tatu nyuma alilazwa kwa maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, na kutapika mfululizo. Akaambiwa kongosho limevimba, chanzo mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ujauzito huongeza uwezekano wa mawe hayo. Alipata nafuu, akaruhusiwa, akarudi hadi shambani kwenye mpunga.

"Dada nesi, nina kizunguzungu. Na choo changu cheusi, nadhani ni vidonge vya damu."

Nami nikaona hivyo hivyo. Nikamwambia kalale, asubuhi tutaangalia. Alfajiri akatapika damu.

Tulikodi gari. Akaongezewa damu, akapewa rufaa. Kipimo cha CT kikaonyesha mshipa unaopeleka damu kwenye bandama umetoboka. Wakaufunga kwa upasuaji. Alipona, namshukuru Mungu.

Iko hivi: kongosho hutengeneza maji ya kusaga chakula. Likivimba, maji yale huvuja na kuanza kula ukuta wa mshipa ulio jirani. Ukuta unatuna kama puto, siku moja unapasuka. Wengine damu huganda kwenye mshipa unaopita nyuma ya kongosho ukitoka kwenye bandama. Damu inatafuta njia nyingine, mishipa ya tumbo inajaa, nayo yaweza kupasuka. Ni nadra jamani, msiogope kila tumbo likiuma. Lakini huweza kuja wiki kadhaa, hata miezi, baada ya maumivu kuisha.

Vidonge vya madini ya chuma kweli hufanya choo kiwe cheusi. Ila kikiwa laini, kinanata kama lami na kinanuka vibaya, hiyo inaweza kuwa damu. Kama uliwahi kuugua kongosho, ukaona choo hicho, au unatapika damu, kizunguzungu, jasho la baridi, au maumivu yamerudi ghafla, usisubiri kukuche. Nenda hospitali na karatasi yako ya ruhusa, sema mapema: "Niliugua kongosho."

Na mtu kama mimi akikwambia kalale, mbishie.

Mtoto wa jirani sasa anatambaa, mama yake anamkimbiza uani. Homa za watoto, sehemu ya 7.