Koti la Karamu

Mara nyingi vijana wetu, wanapoalikwa arusini au katika karamu za mwisho wa mwaka, hutujia na kutuuliza, "Mwalimu, ninunue koti gani?" Wengine huliona swali hili kuwa dogo, lisilostahili kuandikwa gazetini. Sisi hatulioni hivyo. Koti laweza kula mshahara wa mwezi mzima, na likichaguliwa vibaya hukaa sandukuni likiliwa na nondo, huku deni lake likidai. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji yale tuliyojifunza kwa kuvaa, kwa kutazama, na kwa kuketi barazani pa mafundi cherehani.

Kwanza yatupasa kujua kwamba makoti ya sherehe hayana asili moja. Lile liitwalo bleza lilitoka michezoni. Jina lake hutajwa kuwa limetokana na makoti mekundu ya wapiga makasia wa chama cha Lady Margaret, katika chuo cha St John's, Cambridge, ambayo rangi yake ilikuwa kama moto uwakao. Koti fupi la karamu ya usiku lina habari nyingine. Mwaka 1865 mwana wa Malkia Victoria, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward VII, alishonewa na Henry Poole wa Savile Row, London, koti fupi la kuvaa kwenye chakula cha jioni nyumbani kwake Sandringham, badala ya lile lenye mikia mirefu. Wamarekani huliita tuxedo, kwa jina la Tuxedo Park katika jimbo la New York, ambako klabu iliyoanzishwa mwaka 1886 ililifanya lijulikane. Basi hata wakuu walipunguza mavazi yao ili wakae kwa raha. Koti linalomnyima mtu raha ya kula na kuzungumza na wenzake limekosa kazi yake.

Nasi pwani tunayo desturi yetu. Mwanamume akivaa kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa, na koti juu, amekwisha kuvaa kwa heshima, wala hapungukiwi na kitu mbele ya watu. Kanzu ilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na hata leo wanaume wa huko, katika sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, huvaa koti juu ya kanzu. Kwa vazi la namna hii koti lifaalo ni lile la rangi moja, lisilo na makeke, maana kanzu yenyewe ndiyo pambo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Rangi iliyo salama ni buluu nzito. Mchana huonekana buluu, na usiku, chini ya taa, huonekana nyeusi ya kupendeza kuliko nyeusi yenyewe, ambayo mara nyingine hugeuka kama kijivu au kijani iliyofifia. Usikubali kitambaa kabla ya kukitazama nje juani, kisha ndani penye taa. Sufu nyepesi hushinda nyingine kwa kudumu na kwa kutokunjamana. Kitani hupitisha hewa, lakini hukunjamana kabla hujafika mezani. Bahameli ni nzuri sana usiku, na mtu wa Lushoto au Njombe ataivaa kwa furaha wakati wa baridi. Lakini mtu wa Tanga au Mombasa atatoka jasho kabla bibi arusi hajaingia. Tena bahameli haipigwi pasi juu yake, maana manyoya yake hulala. Yataka mvuke tu.

Baada ya kitambaa, tazama mabega. Fundi aweza kufupisha mikono na kubana kiuno, lakini bega lililozidi ni taabu kulirekebisha, na gharama yake yaweza kupita bei ya koti. Mshono wa bega na uishie pale bega lako linapoishia. Kisha funga kifungo, nyosha mikono kama mtu anayempokea mgeni, keti, inuka. Likivuta kifuani au likipanda shingoni, liache. Mwisho geuza ndani utazame bitana. Kwa nchi za joto yafaa bitana ya nusu, ili mgongo upate hewa. Wanunuao mitumba watazame makwapa, matundu ya nondo, na vifungo kama vimetimia. Tumeona makoti ya mitumba yaliyoshonwa vema kuliko mapya, na fundi hodari akiyapunguza kidogo, hakuna ajuaye yalikotoka.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni fedha. Siku hizi kamati za arusi hupenda kuwavika wasimamizi sare. Mwaka uliopita kijana mmoja, mwalimu mwenzetu, aliombwa asimame na bwana arusi, na kamati ilikuwa imechagua koti la atlasi la rangi ya zabibu, ambalo bei yake ilizidi mshahara wake. Kijana huyu alikuwa akimlipia mdogo wake ada ya chuo cha ufundi, na ada ilikuwa ikingojewa juma lile lile. Alikuwa amekwisha kumwendea mkopeshaji. Mzee mmoja kati yetu akamwuliza, "Mwanangu, arusi hii ni ya siku moja, kazi ya mdogo wako ni ya siku ngapi?" Tukafuatana naye kwa wazee wa kamati, tukaomba kwa adabu aruhusiwe kuvaa koti lake la buluu, na kitambaa cha rangi ya zabibu katika mfuko wa kifuani. Wengine walinung'unika kwamba picha zitaharibika. Ndipo mama wa bwana arusi akasema, "Sisi tumemwita mtu, hatukuliita koti." Neno hilo lilikata shauri. Na mara wasimamizi wengine wawili, waliokuwa wamenyamaza kwa haya, wakaomba ruhusa iyo hiyo.

Hapo tulitambua ni wangapi huumia kimya kimya kwa ajili ya nguo ya siku moja. Mtu hujikuna ajipatapo. Kabla ya kununua, hesabu sherehe utakazolivalia koti hilo katika miaka mitano, wala usiitazame ile moja iliyo mbele yako. Likiwa la kuvaliwa arusini, kanisani, katika mahafali na katika matanga, hata bei kubwa kidogo si hasara. Likiwa la usiku mmoja tu, hata bei ndogo ni ghali. Nao walio katika kamati twawasihi wakumbuke jambo hili wanapochagua rangi, maana mgeni aliyevaa deni hawezi kucheka sawasawa.