Shingo yetu na chupa ya sokoni



Mwaka jana, tarehe 8 Machi, tulivaa kitenge kimoja, tukatembea pamoja, kisha tukasimama kupigwa foto. Jioni ile foto ikapita katika telefone zetu. Tuliitazama kwa furaha, halafu tukanyamaza. Nyuso zetu zilikuwa za manjano kama ndizi mbivu, shingo zetu zilibaki na rangi tuliyozaliwa nayo. Mmoja wetu akatoa ule mzaha ambao kila mtu anaujua: juu Fanta, chini Coca. Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu.

Foto ilionyesha na jambo la pili. Wengi wetu tuna miaka thelathini na kitu. Tumezaa, tumebeba bidoni za maji na vikapu vya mihogo, tumesimama miaka mingi mbele ya ubao. Uso tulikuwa tumeutunza kwa pomadi, lakini shingo ilikuwa na mistari inayozunguka, na ngozi chini ya kidevu ilianza kulegea. Shingo ilitaja miaka ambayo uso ulikuwa unaificha.

Ndivyo tulivyoanza kutafuta dawa ya shingo. Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu tulilifanya sisi wenyewe. Hatutaki kuwahubiria wengine kama watu wasio na kosa.

Sokoni kuna pomadi zinazochanganywa katika beseni. Muuzaji anakamua bomba hili, anamimina chupa ile, anakoroga, anakujazia kikopo kisicho na karatasi wala jina. Tuliahidiwa shingo ya msichana kwa majuma mawili. Zamu ya likelemba ilikuwa imetufikia, na feza ambayo ingenunua madaftari ya watoto ikanunua vikopo.

Mwanzoni tulifurahi. Ngozi ilikuwa laini, iling'aa, mistari ilionekana kama imepungua. Mwezi wa tatu mambo yakageuka. Jasho likishuka shingoni lilichoma kama pilipili. Mishipa midogo myekundu ikaonekana. Tukiacha kupaka kwa siku mbili, ngozi ilivimba na kuwasha, basi tulirudi kupaka. Na wale kati yetu waliokuwa wamejipaka usoni kwa miaka mingi wakaona madoa mashavuni na pembeni ya shingo: meusi yenye kuelekea bluu, madogo na magumu kama mchanga. Tulipaka zaidi ili kuyaondoa. Yakaongezeka.

Kisha dada yetu mmoja akazaa kwa operasyo. Mtoto alikuwa mzima, Mungu asifiwe. Lakini kidonda cha mama hakikufunga kwa wakati wake. Kilikuwa kinatoa maji, akalala hopitalini majuma mengi, na sisi tulipokezana kumpelekea chakula na kumwangalia mtoto. Siku moja muuguzi alimwuliza swali ambalo hatukulitazamia: “Mama, unajipaka nini?” Akajibu kwa haya. Muuguzi akasema: “Ngozi yako imekuwa nyembamba kama karatasi. Inakawia kushikana.”

Hapo tukaelewa kwamba habari ya vikopo si ya urembo tu. Tulimwomba muuguzi aje katika mkutano wetu, naye akaja akatufundisha kwa subira. Haya ndiyo tuliyoyashika.

Ngozi ya shingo ni nyembamba kuliko ya uso, na vitundu vyake vya mafuta ni vichache. Kwa hiyo inakauka upesi. Chini yake kuna msuli mpana, mwembamba kama kitambaa, unaotoka kifuani kupanda hadi kwenye taya. Miaka ikipita msuli huo unalegea, na nyuzi zinazoikaza ngozi zinapungua. Kila mwanadamu anapitia hapo. Jua ndilo linaloongeza mwendo. Lakini sisi watu weusi Mungu alitupa mwavuli ndani ya ngozi: ile rangi yenyewe. Inazuia sehemu ya ukali wa jua, na kwa sababu hiyo mikunjo yetu kwa kawaida inachelewa kuliko ya wazungu. Pomadi ya kubadilisha rangi inautoboa mwavuli huo. Tulikuwa tunalipa feza ili tuzeeke mbio, tukidhani tunanunua ujana.

Katika vikopo vile mnaweza kuwamo sumu tatu.

Ya kwanza inaitwa hydroquinone. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ukiitumia kwa muda mrefu na kutembea juani, inaweza kuleta yale madoa ya bluu na nyeusi, na kuyatoa ni kazi ngumu sana. Waganga wa Afrika ya Kusini waliandika juu ya madoa hayo kwa wanawake weusi tangu mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi ile ikaikataza katika mafuta ya urembo. Ulaya ikaikataza katika pomadi za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Sisi tumeendelea kuinunua.

Ya pili ni dawa za jamii ya kortizoni. Kwenye bomba utasoma clobetasol au betamethasone. Hizo ni dawa za kweli. Dokta anaziandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, kwa siku chache, mahali padogo. Ukizipaka kila siku shingo nzima na mwili mzima, zinapunguza unene wa ngozi, zinaleta michirizi na mishipa, zinachelewesha vidonda kupona, tena zinaweza kuingia katika damu na kuharibu mwili ndani. Ule ulaini wa majuma ya kwanza ulikuwa mwanzo wa ngozi kuisha.

Ya tatu ni zebaki. Hapa wamama wa Kabambare wataelewa kuliko sisi, kwa maana wanaishi karibu na machimbo ya Salamabila na Namoya. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki kwa sababu inaikamata dhahabu katika mchanga. Zebaki hiyohiyo inatiwa katika pomadi na sabuni fulani za kung'arisha ngozi. Ndiyo maana bidhaa nyingine zinaonya usizitumie ukiwa umevaa pete au mkufu wa dhahabu au feza. Muuguzi alisoma onyo kama hilo mbele yetu, kisha akauliza: “Kitu kinachoharibu pete, ninyi mnakipaka penye mtoto anaweka mdomo?” Hakuna aliyejibu. Zebaki inadhuru figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kumfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, ulikusudia vipodozi vya namna hiyo visitengenezwe wala kupitishwa mipakani baada ya mwaka 2020. Lakini kikopo kisicho na jina hakisomi mkataba.

Mmoja wetu akauliza: na matajiri wa Ulaya na Marekani, wao wanafanya nini na shingo zao? Jibu ni kwamba wanahangaika kama sisi. Mwandishi mmoja Mmarekani, Nora Ephron, mwaka 2006 alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe ni masikitiko juu ya shingo yake. Alikuwa amepita miaka sitini, ana jina kubwa, na bado shingo ilimsumbua. Wenye uwezo wanaenda kwa dokta kukatwa ngozi iliyozidi na kukazwa msuli. Wengine wanapigwa sindano za Botox, ambazo Marekani ilikubali zitumiwe kwa mishipi ya shingo mwezi wa Oktoba 2024. Sindano hiyo inalegeza msuli kwa miezi michache, kisha nguvu yake inaisha na mtu anarudi kulipa tena. Na kazi hiyo inahitaji dokta aliyesomea. Mtu akija kwenu na sindano ya urembo mfukoni, mfungieni mlango.

Basi hata kule hakuna anayerudishiwa shingo ya miaka kumi na nane. Habari hiyo ilitutuliza moyo.

Lakini lililotufanya tuandike barua hii halikutoka hopitalini. Lilitoka darasani. Msichana wa mwaka wa sita, mwenye akili, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Tulidhani ana swali la mtihani. Akauliza kwa sauti ndogo: “Mwalimu, ile mafuta yako unanunua wapi? Mimi pia nataka kuwa mzuri kama wewe.” Shingo yake ilikuwa nyororo, nyeusi, haina hata doa. Shingo yetu siku ile ilikuwa inawaka moto chini ya kitambaa. Miaka yote tumemfundisha msichana huyu kusoma, kuhesabu na kujiheshimu. Somo aliloshika vizuri kuliko yote ni lile ambalo hatukuliandika ubaoni.

Tulimfungulia kitambaa, tukamwonyesha. Hatukuwa na maneno mengi.

Sasa tumebadili desturi zetu, nasi tunawapa ninyi kwa ufupi.

Tuliacha vikopo, lakini hatukuacha kwa kukurupuka. Aliyejipaka kortizoni muda mrefu akikata ghafula, ngozi inaweza kuwaka na mwili unaweza kudhoofika. Nenda kituo cha afya, chukua chupa yako uionyeshe, mkubaliane namna ya kupunguza. Aliye na mimba au anayenyonyesha asingoje kesho.

Tunaifunika shingo. Tumewatazama mama zetu wanaojitanda mtandio tangu ujana: wengi wao wamezeeka wakiwa na shingo nzuri kuliko sisi tulioianika juani shambani na njiani. Leso, kitambaa, mwavuli, kivuli cha mwembe wakati jua liko utosini. Tiba hiyo iko nyumbani tayari.

Tunaosha shingo kwa sabuni ya kawaida, bila kusugua kwa nguvu, na ngozi ikiwa bado na unyevu tunapaka mafuta safi: vazelini, au mafuta ya kokwa za ngazi ambayo bibi zetu waliwapaka watoto. Hayafuti mikunjo, na yeyote anayesema yanafuta anawadanganya. Yanazuia ukavu tu, na ngozi isiyokauka inapendeza.

Na tunaitazama shingo kwa sababu nyingine iliyo kubwa kuliko mikunjo. Ukiona nyuma ya shingo pamekuwa peusi, ngozi nene kama mahameli, usiseme ni uchafu, usimsugue mtoto kwa jiwe wala kumpaka pomadi. Inaweza kuwa dalili ya sukari katika mwili, hasa kwa mtu mnene. Mpeleke apimwe. Ukiona uvimbe mbele ya shingo, huenda ni rovu. Uvimbe pembeni usioisha kwa majuma kadhaa unaweza kuwa kifua kikuu cha matezi au ugonjwa mwingine. Magonjwa hayo yana waganga wake. Pomadi inayaficha tu, nayo yanaendelea.

Na ile likelemba? Tulikubaliana, bila kumlazimisha mtu, kwamba kila zamu sehemu kidogo inawekwa kando kwa mama anayekwenda kuzaa. Dada yetu aliyelala hopitalini ndiye anayeshika daftari. Kidonda chake kilifunga. Mtoto wake sasa anatembea, na akibebwa anapenda kushika mikunjo ya shingo ya mama yake na kuivuta.

Madoa yetu hayajaisha yote. Mengine yamefifia kidogo, mengine tutazeeka nayo. Mwaka huu tarehe 8 Machi tulipigwa foto tena. Uso na shingo vimeanza kukaribiana rangi. Mistari inaonekana wazi. Tuliituma foto ile kwa watu wote.

Jumamosi ijayo, katika mkutano wetu, kila mama alete chupa au kikopo anachotumia, hata kile anachokificha chini ya kitanda. Tutakaa pamoja na muuguzi, tusome kilichoandikwa, na kisichoandikwa kitu tukijadili. Hakuna atakayechekwa. Sisi tutaweka vyetu mezani kwanza.

Na walio na wasichana, waje nao.