Kaseti za mzee zimehamia chini ya kitanda changu

Najua nimeadimika, na wala si testi. Mwenzenu nilikuwa nahangaika na kaseti.

Iko hivi. Marehemu baba alikuwa anarekodi muziki wa redio. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam bendi nyingi zilirekodi pale pale studio za redio, na nyimbo kibao hazikuwahi kutoka kwenye santuri. Ukiupenda wimbo unausubiri upigwe, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unaomba Mungu jirani asipige hodi. Aliacha kaseti 31. Likizo nikiwa nyumbani Tabora nikakuta nyingine zimeota ukungu. Niliogopa, nikazibeba zote.

Redio kaseti ya kuazima, waya toka tundu la hedifoni mpaka kwenye kompyuta, programu ya Audacity. Njia ya mkato haipo: kaseti ya dakika 60 inakula dakika 60. Rumeti alikaribia kunihama.

Seva yenyewe ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Ni ile laptopu yangu iliyopasuka kioo, RAM GB 2. Nimeweka Debian na Navidrome, zote za bure. Unaionyesha folda la muziki, unafungua bandari 4533, imeisha hiyo. Umeme ukikatika betri inasukuma kidogo. Nikiwa mbali na bweni naifikia kwa Tailscale, na nimeiambia inishushie sauti mpaka Opus kbps 64, kwa hiyo saa nzima haifiki MB 30 za bando. Kwa bumu letu hili mnanielewa.

Kasheshe ikaja kwenye majina. Navidrome haijali faili umeliita nini, inasoma maelezo yaliyomo ndani yake: mwimbaji, albamu, mwaka. Yangu yalikuwa matupu. Nikajikuta nina msanii mmoja tu, Hajulikani, mwenye nyimbo 290!

Nikampigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, umekula?" Kila jioni namchezea vipande kwenye simu. Gitaa sekunde mbili tu, "Hao Tabora Jazz." Sauti ikiingia, "Marijani Rajabu huyo, hata huyo humjui?" Zingine ananyamaza, kisha anasema aliyezijua ni baba yako. Hizo nimeziacha Hajulikani, sitaki kubuni.

Sasa kaseti ya 17, upande B. Wimbo unaisha, mlango unalia, halafu baba: "Mama Neema, chai vipi, nimeshamaliza kurekodi." Nilikaa kitandani kama nimemwagiwa maji. Maana jamani, kaseti 16 za mwanzo nilikuwa nazisafisha. Kelele yoyote katikati ya nyimbo nakata, na faili za mwanzo nilishafuta ili kuokoa nafasi.

Nikarudia zote 16. Kwenye ya 4 anakohoa, kwenye ya 9 anaitaja tarehe. Ya 11, ile yenye ukungu kuliko zote, utepe ukakatika mara ya pili hii. Nimeugundisha lakini kuna kipande hakitarudi, na sijui alisema nini pale. Mama sijamwambia.

Nimemfungulia akaunti yake kwenye simu ya dada Neema. Nyimbo zote 290 anazo. Navidrome inahesabu kila unachopiga, na mpaka jana usiku ule upande B wa kaseti 17 ulikuwa umeshapigwa mara 22.