Alfajiri Ilikuwa ya California

Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Baba alitaka niwe karani bandarini kama yeye. Mimi nikaangukia kituo cha redio cha pwani, kazi yangu kupokea salamu za meli kwa alama za Morse. Utoto na uishie hapo. Naandika kwa sababu Maalim amefariki, na katika wote tuliokwenda Ngazidja, huko Komoro, wanaosimulia safari ile tumebaki wawili, na wa pili hadithi yake mmekwisha kuisikia.

Tulimwita Maalim ingawa hakupata kusomesha chuoni. Alikuwa mkuu wa zamu yetu. Saa ya ukutani pale kituoni ilikuwa na vipande vilivyopakwa rangi nyekundu: dakika tatu kuanzia robo saa, na tatu nyingine kuanzia dakika ya 45. Katika dakika hizo, meli zote na vituo vyote vya pwani vilinyamaza kwenye kilohezi 500, ili mwenye kuzama na redio yake dhaifu apate kusikika. Maalim alikuwa akizisikiliza macho kafumba. "Kupiga Morse kila mtu atajifunza," akituambia. "Nyinyi mmeajiriwa kusikiliza." Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa setilaiti na mitambo ya kujiendesha ukashika kazi ile kikamilifu, nasi tukarudi majumbani.

Kilichobaki ni redio ya ridhaa, ambayo Maalim alikuwa na leseni yake tangu zamani. Watu wa redio hii hukusanya nchi walizowasiliana nazo. Alama za wito za Kenya huanza na 5Z, za Komoro na D6, na mtu wa Osaka au Oregon anaweza kungoja miaka kabla ya kuisikia D6 hata mara moja. Mwaka 2001 kundi la kimataifa lilipiga kambi Ngazidja kwa alama ya D68C, likafanya mawasiliano zaidi ya 168,000. Sisi tulikwenda miaka michache baadaye, kikundi kidogo cha wageni kutoka Ulaya na Wamombasa wawili. Nadhani sisi tulichukuliwa kwa ajili ya forodha. Kiswahili chetu kilitufikisha nusu ya njia, adabu ikamalizia.

Kisiwa kile ni mawe ya volkano ya Karthala, ardhi isiyopitisha umeme vizuri. Maalim akaziteremsha antena za wima mpaka ukingoni mwa bahari, kwa kuwa maji ya chumvi huyasukuma mawimbi chini chini kuelekea upeo wa macho. Hilo halikubishwa na yeyote. Ugomvi ulikuwa wa alfajiri.

Kwenye bendi ya mita 40, Ulaya husikika usiku kucha. Unatuma kwenye masafa yako, unasikiliza kilohezi chache juu yake, na huko juu wamejazana mamia wakikuita kwa pamoja. California iko karibu kilomita 17,000. Majira ya kaskazi, jua letu likikaribia kuchomoza, kwao usiku umekwisha kuingia. Ishara zao hupanda kwa dakika chache, kisha zikazimika. Mkuu wa safari alitaka tuendelee na Ulaya, kwani ndiyo iliyojaza daftari la mawasiliano. Maalim alipokalia kiti alfajiri ile alipiga: Ulaya subirini, Amerika magharibi tu. Akanyamaza. Wengine walizidi kumpigia kelele, naye hakumjibu hata mmoja, maana ukimjibu anayevunja foleni umewafundisha wote kuivunja. Chini ya zogo lile zikatoka herufi mbili. Akaziomba tena, na tena, mpaka alama ikatimia.

Mkuu akamwambia mbele yetu kwamba anachezea muda wa watu. Kesho yake ratiba ikabadilishwa, Maalim akapewa mchana, alfajiri nikapewa mimi. Ratiba haikusema nimjibu nani. Nikaita California.

Mkuu yule amerudia mara nyingi kwamba safari ingepata zaidi lau kungekuwa na nidhamu. Simkatalii. Ila Mzungu aliyetukosa saa kumi na moja alikuwa na usiku mzima mwingine wa kutupata, na wa California alikuwa na dakika zile tu. Msidhani Maalim alikuwa akitoa sadaka. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Tangu 2017 kuna FT8, kazi ya Joe Taylor, mwanafizikia mwenye tuzo ya Nobel, na Steve Franke. Kompyuta hutuma kwa zamu za sekunde 15 na kusoma ishara ambazo sikio haliwezi kuzinasa. Siidharau: kijana wa Kisauni mwenye waya juu ya paa na wati chache anafika Brazil. Ninachokikataa ni kwenda mpaka kisiwani, kuwasha mashine na kwenda kunywa chai. Vijana wangu, mashine itawasomea aliye dhaifu, lakini nani ajibiwe na nani asubiri ni amri yenu. Kabla ya kusafiri andikeni saa ya jua kuchomoza huko mwendako na saa ya kuzama kwa walio mbali kabisa, na dakika hizo msimpe mtu wa karibu. Mkuu wa safari akikasirika, mleteni Mombasa tubishane. Mimi bado nipo, na baada ya alasiri sina kazi.